Haibridi au dizeli kwa mizunguko ya Mwanza: mwongozo kamili kabla hujatoa hela

Nyumbani kwetu Buhongwa magari mawili yanalala kwenye ua mmoja. Langu ni Toyota Aqua, haibridi, yaani injini ya petroli ya lita 1.5 inayosaidiana na mota ya umeme, na kazi yake ni kunipeleka mjini na kunirudisha. La kaka yangu ni Hilux ya dizeli, inashinda kati ya Kayenze, Mwaloni Kirumba na barabara ya Geita ikibeba magunia ya dagaa. Kuna wiki tulibadilishana kwa sababu nilikuwa nahamisha vitu vya dukani. Mimi nilimaliza hela ya mafuta ya nusu mwezi kwa siku sita za foleni ya Mkuyuni na Igogo. Yeye alirudisha Aqua ikiwa imekwanguka uvungu wote, maana mawe ya njia ya Kayenze hayamsubiri mtu.

Magari yote mawili yalikuwa mazima. Tulichokosea ni kuyapa safari zisizokuwa zake. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye safari zako, gari litafuata.

Hatua ya kwanza: andika safari zako kwa siku 14

Chukua daftari dogo, weka kwenye gari unalotumia sasa. Kama huna gari, andika safari zako za daladala na bodaboda kana kwamba ungeziendesha mwenyewe. Kila siku andika mambo manne: umetoka wapi kwenda wapi, kilomita ngapi, umekaa barabarani dakika ngapi, na umebeba nini. Usikadirie kichwani. Watu wengi huniambia "mimi nasafiri sana", ukifungua daftari unakuta amekwenda Shinyanga mara moja na siku nyingine zote ni Nyegezi kwenda mjini.

Baada ya wiki mbili gawanya kilomita zako mafungu matatu. La kwanza ni za mjini, yaani kusimama na kuondoka: Buzuruga, Mabatini, Mlango Mmoja, Igogo, Kirumba. La pili ni za lami ndefu bila kusimama, kama kwenda Magu, Misungwi au Sengerema. La tatu ni za vumbi, mawe na matope.

Fungu la pili limeongezeka kwa watu wengi wa hapa. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, lile la kilomita 3 juu ya maji, safari ya Sengerema na Geita haina tena kukaa kusubiri kivuko. Kaka yangu alikuwa akienda Geita mara moja kwa wiki, sasa anakwenda mara mbili au tatu. Kama na wewe mazoea yako yamebadilika hivyo, hesabu safari za sasa, siyo za enzi ya kivuko.

Soma matokeo hivi. Kilomita za mjini zikizidi nusu na barabara ya kwako inapitika na gari la chini, haibridi ndiyo ya kufikiria kwanza. Lami ndefu na mzigo vikizidi nusu, au vumbi na mawe vikiwa sehemu ya kila siku, elekea kwenye dizeli. Na kama jumla yako haifiki kilomita 400 kwa mwezi, nakuambia kwa moyo mweupe: nunua gari la kawaida la petroli lenye spea kila duka, hela inayobaki ifanyie jambo lingine. Kwa mizunguko midogo kiasi hicho, akiba ya mafuta haitoshi kulipia ugumu wa teknolojia yoyote kati ya hizi mbili.

Hatua ya pili: elewa hela yako inapotelea wapi

Gari la kawaida hupoteza mafuta kwenye mambo mawili mjini: kuunguruma likiwa limesimama, na kukanyaga breki. Kila unapokanyaga breki, mwendo ulioununua kwa mafuta unageuka joto kwenye diski na kupotea.

Haibridi inaokoa hapo hapo. Ukisimama, injini inazima. Ukiondoka taratibu, mota ya umeme ndiyo inayovuta. Ukiachia mafuta au kukanyaga breki kwa upole, mota ile ile inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Shuka kutoka Bugando kuelekea mjini ukitazama kioo cha dashibodi, utaona vijistari vya betri vinapanda kimoja kimoja. Milima ya Mwanza ni mifupi na imeachana, unapanda unatumia, unashuka unarudishiwa. Ndiyo maana mji huu wa mawe unaifaa haibridi kuliko watu wanavyodhani. Faida nyingine ndogo: pedi za breki zinachelewa sana kuisha.

Haibridi nazo si kitu kimoja. Mfumo wa Toyota, ulioanza na Prius mwaka 1997, unatumia gia za sayari zinazounganisha injini na mota mbili. Hauna klachi, hauna mkanda, hauna stata wala altaneta. Ndani yake kuna vitu vichache vya kuchakaa. Nissan Note ya e-Power, iliyotoka mwaka 2016, ni tofauti: injini inazalisha umeme tu, magurudumu yanasukumwa na mota wakati wote. Ni tamu mjini, lakini kwenye lami ndefu ya mwendo wa kasi faida yake inapungua. Honda Fit na Vezel za kuanzia mwaka 2013 zina gia saba za klachi mbili, na kule Japani, Honda iliyaita matoleo ya mwanzo ya Fit yarudishwe kurekebishwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya programu ya gia. Klachi za namna hiyo hupata moto ukiwa unasogea kidogo kidogo mlimani. Mtu anayepanda Isamilo au Kitangiri kila jioni kwenye foleni namshauri abaki kwenye mfumo wa Toyota.

Dizeli inaokoa kwa njia nyingine. Lita moja ya dizeli ina nishati zaidi ya lita ya petroli kwa zaidi ya asilimia 10, na injini yake inabana hewa sana mpaka mafuta yanawaka yenyewe bila plagi. Matokeo yake ni nguvu nyingi kwenye mzunguko mdogo wa injini. Magunia 15 ya dagaa nyuma, kilima mbele, na gari halihemi. Pwani ya ziwa letu iko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa sababu hiyo tu, wakati dizeli yenye turbo inajisukumia hewa na hulioni tatizo.

Lakini dizeli inapenda ipate moto na ibaki na moto. Ukiifanyia safari za kilomita tatu tatu, unaichosha. Kwa dizeli za zamani, kama 1HZ ya Land Cruiser au 5L ya Hilux, hilo linavumilika. Kwa dizeli za kisasa ni balaa, na hapa naomba unisikilize vizuri.

Dizeli nyingi ndogo zinazotoka Japani na Ulaya miaka hii zina chujio la masizi kwenye ekzosi. Linakusanya masizi mpaka lijae, kisha gari linaongeza joto la ekzosi hadi kama nyuzi 600 ili kuyachoma. Kazi hiyo inahitaji mwendo wa kutulia, tuseme kilomita 60 kwa saa au zaidi, kwa dakika 15 hadi 20 bila kukatiza. Shemeji yangu alinunua gari la namna hiyo, zuri sana machoni, akalitumia Butimba kwenda sokoni na shuleni kuchukua watoto. Kila lilipoanza kuchoma masizi, alikuwa amefika na anazima. Mwezi wa tano taa ikawaka. Mwezi wa saba gari likakataa kuzidi mwendo wa baiskeli. Tulipochomoa kijiti cha oili, oili ilikuwa juu ya alama ya mwisho na inanuka dizeli, kwa sababu mafuta ya kuchomea masizi yalikuwa yakichuruzika kwenye oili. Kabla hatujaita gari la kuvuta, alikuwa ameshashauriwa na watu watatu atoboe chujio. Asitoboe. Moshi wa dizeli uliwekwa na taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2012, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Watoto wanaoubeba moshi huo kifuani ni wale wale anaowachukua shuleni.

Hatua ya tatu: piga hesabu kwa kilomita zako

EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na bei ya Mwanza huwa juu kuliko ya Dar es Salaam kwa sababu ya usafirishaji. Tumia bei ya mwezi wako. Mimi hapa nachukulia shilingi 3,000 kwa lita kwa mafuta yote mawili, ili hesabu ionekane.

Tuseme unatembea kilomita 800 kwa mwezi, nyingi za mjini. Aqua yangu inanipa kati ya kilomita 19 na 22 kwa lita, chukua 20. Hiyo ni lita 40, shilingi 120,000. Gari la kawaida la petroli la lita 1.5 likienda kilomita 12 kwa lita linakula karibu 200,000. Prado ya dizeli mjini ikienda 9 kwa lita ni kama 267,000. Dizeli ndogo ya kisasa ikienda 16 ni 150,000.

Angalia hiyo ya mwisho. Tofauti yake na haibridi ni shilingi 30,000 tu kwa mwezi. Mtu akikuuzia haibridi kwa kukulinganishia na Prado, anakuchezea. Linganisha gari na gari la ukubwa wake. Na ukiambiwa Aqua inakwenda kilomita 35 kwa lita, namba hiyo ipo kweli: 35.4 ilipimwa kwa utaratibu wa maabara wa Japani uitwao JC08. Foleni ya Buzuruga haimo kwenye maabara hiyo.

Ukitaka kujua gari linakula kiasi gani, jaza fulu tenki, sifurisha kilomita, tembea mpaka nusu, rudi pampu ile ile ujaze tena fulu. Gawanya kilomita kwa lita zilizoingia. Rudia mara tatu. Usiiamini sana namba ya dashibodi, mara nyingi inakupendelea.

Kwa lami ndefu mambo yanabadilika. Kilomita 2,000 kwa mwezi za Geita na Musoma ukiwa na mzigo, hakuna breki za kutosha za kurudisha umeme, na haibridi ndogo inalazimika kutumia injini yake muda wote. Hapo kinachokulipa ni dizeli kubeba kwa safari moja kile ambacho gari dogo lingebeba kwa safari nne. Kaka yangu hahesabu kilomita kwa lita. Anahesabu shilingi kwa gunia, na kwa biashara yake yuko sahihi.

Hatua ya nne: pima njia ya mwisho ya kwenda kwako

Hii ndiyo hatua watu wanairuka. Aqua na Prius nyingi zina nafasi ya kama milimita 140 kati ya uvungu na barabara. Chukua rula, nenda kwenye jiwe baya kuliko yote kwenye njia ya kwako, lipime. Kisha pima tena siku ya mvua kubwa, maji yanapochimba mifereji. Kama unaishi mitaa ya juu ambako barabara ni jabali lenyewe, gari la milimita 140 litakuumiza. Zipo haibridi za juu zaidi, kama Harrier, RAV4 na X-Trail, lakini bei yake ni nyingine.

Maji nayo. Mto Mirongo ukifurika mjini, gari lolote linalozama mpaka kwenye viti limeumia, ila haibridi ina betri kubwa chini au nyuma ya kiti cha nyuma. Likishazama, usiliwashe. Livute. Na usinunue haibridi yenye tope kavu chini ya mazulia au kutu kwenye skrubu za viti, hata ikiuzwa bei ya bure.

Hatua ya tano: tafuta fundi kwanza

Kwa dizeli ya kazi, Mwanza umefika. Hilux, Land Cruiser na Hiace zimejaa kuanzia kwa wavuvi mpaka kwenye migodi ya Geita, na mafundi wake wanajua injini hizo kwa kusikiliza tu. Wanaopima nozeli (zinazopuliza mafuta kwenye injini) na pampu kwa mashine ni wachache zaidi, watafute mapema.

Kwa haibridi, nenda gereji mbili au tatu kabla hujanunua, uulize maswali matatu. Unavaa nini ukigusa nyaya za rangi ya chungwa? Fundi wa kweli atakuonyesha glavu za mpira za umeme mkubwa, na atakuambia huchomoa plagi ya usalama ya betri kisha husubiri kama dakika kumi kabla ya kugusa kitu. Swali la pili: una mashine ya kusoma kila jozi ya seli za betri? La tatu ndilo lililonigharimu mimi: unatumia oili gani kwenye kompresa ya AC?

Kompresa ya AC ya haibridi za Toyota inaendeshwa na umeme mkubwa, na oili yake, ND-11, haipitishi umeme. Oili ya kawaida ya AC inapitisha. Fundi mmoja alinijazia gesi pamoja na oili aliyokuwa nayo kwenye chupa, bei rahisi, dakika ishirini. Baada ya siku chache gari likaandika kosa P0AA6, maana yake umeme mkubwa unavuja kuelekea bodi, na likagoma kuwaka. Kompresa ikatupwa, mfumo mzima ukasafishwa. Nimeandika "ND-11 TU" kwa maka nyeupe ndani ya boneti. Fanya hivyo hivyo siku unayonunua.

Hatua ya sita: kukagua haibridi

Fika asubuhi, gari likiwa baridi. Mwambie muuzaji asiwashe kabla hujafika, kisha weka kiganja kwenye boneti kuhakikisha.

Washa, subiri neno READY kwenye dashibodi. Injini itawaka yenyewe ipate joto, kisha izime. Isikilize ikiwa bado baridi: kutikisika kama inakosa silinda kwa sekunde chache kwenye Prius ya kizazi cha tatu kunaweza kuwa dalili ya gasketi ya hedi kupitisha maji. Angalia tangi la maji ya injini na la maji ya inveta, kifaa kinachobadilisha umeme wa betri uifae mota; ni mawili tofauti, na yote yawe kwenye kiwango.

Endesha kwa angalau dakika 30, na lazima upande mlima. Tazama vijistari vya betri. Betri nzima hupanda na kushuka kwa utulivu. Betri iliyochoka hujaa haraka kupita kiasi ukishuka, kisha inaporomoka ghafla ukipanda, na feni ya nyuma inavuma kama kikausha nywele. Ukiwa na kifaa cha kuchomeka chini ya usukani na programu kama Dr. Prius kwenye simu, utaona jozi za seli moja moja. Betri ya Aqua ina moduli 20, yaani vipande vya betri vilivyounganishwa, kila kimoja volti 7.2, jumla volti 144. Jozi moja ikianguka mbali na wenzake wakati wa kupanda, hiyo ndiyo inayokufa. Kosa P0A80 maana yake betri kubwa imefika mwisho. Kama mashine inaonyesha hakuna kosa lolote lakini majaribio ya ndani ya gari hayajakamilika, kuna mtu amefuta makosa hivi karibuni. Liache, au rudi baada ya siku chache ulipime tena.

Usinunue haibridi bila kuuliza bei ya betri leo, siyo ya mwaka juzi: nzima mpya, iliyotumika kutoka Japani, na ya kubadilishwa moduli. Kubadilisha moduli moja mbovu kunasaidia miezi kadhaa, halafu inayofuata inachoka, kwa sababu zote zimezeeka pamoja. Bei ya betri nzima iweke kwenye hesabu yako kama sehemu ya bei ya gari.

Hatua ya saba: kukagua dizeli

Nayo iwe baridi. Moshi mweupe kidogo asubuhi unaopotea haraka ni wa kawaida. Mweupe unaoendelea unaonyesha nozeli zinavuja au maji yanaingia. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi mzito ukikanyaga ni mafuta mengi kuliko hewa: chujio la hewa, turbo au nozeli.

Injini ikiwa inaunguruma, fungua kifuniko cha oili uweke kinyume juu ya tundu. Kikitulia, vizuri. Kikirushwa, pistoni zinapitisha pumzi, na hiyo ni injini ya kufunguliwa. Chomoa kijiti cha oili, nusa.

Kisha omba kipimo cha marejesho ya nozeli, yaani mafuta kiasi gani yanarudi kutoka kila nozeli badala ya kuingia kwenye injini. Dizeli za kisasa hupuliza mafuta kwa presha inayoweza kufika bar 1,800 na zaidi. Tairi lako lina bar 2.2 hivi. Kwa presha hiyo chembe ya mchanga inakata chuma. Kwenye Hilux na Prado za injini 1KD, uliza pia kama washa (pete) za shaba chini ya nozeli zimewahi kubadilishwa, kwa sababu zikivuja, masizi huingia kwenye oili na kuziba njia yake. Injini hiyo ina mkanda wa taimingi wa kubadilishwa kila kilomita 150,000. Omba ushahidi, au weka gharama yake kwenye mazungumzo ya bei. Injini iliyoifuata, 1GD ya lita 2.8, ina cheni.

Kuhusu mafuta yenyewe: nchi za Afrika Mashariki zilishusha salfa kwenye dizeli mpaka chembe 50 kwa milioni kuanzia mwaka 2015, na hiyo ilisaidia sana. Dizeli za Ulaya za viwango vya Euro 5 na 6, hata hivyo, zimetengenezwa kwa chembe 10. Kama moyo wako uko kwenye dizeli ya Ulaya ya miaka ya karibuni kwa kuzunguka nayo mjini, mimi nakushauri uuache.

Hatua ya nane: kodi, kama unaagiza mwenyewe

Hapa sitakaa sana, kwa sababu kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, kiko mtandaoni na kitakupa jumla. Jua tu vinavyoipandisha. Ushuru wa forodha ni asilimia 25 na VAT asilimia 18. Ushuru wa bidhaa unafuata ukubwa wa injini: asilimia 5 kwa cc 1,000 hadi 2,000, asilimia 10 ikizidi hapo. Kwa gari la kutembelea huongezwa ushuru wa uchakavu: asilimia 15 likiwa na miaka 8 hadi 10, asilimia 30 likizidi miaka 10. Haibridi ya cc 1,500 inaanza na nafuu dhidi ya dizeli ya cc 3,000. Lakini ukiagiza ya miaka 12 kwa sababu ni rahisi Japani, uchakavu unakula nafuu hiyo, na betri nayo ni ya miaka 12.

Hatua ya tisa: wiki za kwanza

Ukichukua haibridi, kwanza fungua kidirisha cha plastiki chenye matundu pembeni ya kiti cha nyuma. Ndicho pua ya betri; feni inavuta hewa ya ndani ya gari kupitia pale. Cha kwangu, siku ya kwanza, kilikuwa kimejaa nyuzi za zulia, vumbi jekundu na magamba makavu ya samaki, yamegandamana kama blanketi. Nilikitoa, nikakipiga brashi na kukipuliza. Feni iliyokuwa ikivuma kila mchana ikanyamaza. Waambie watoto na abiria wote: mfuko wa mchele hauegemezwi pale. Usiache gari juani na vioo juu halafu ukaondoka kwa kasi. Lifungulie kwanza hewa, maana joto linaizeesha betri kuliko kilomita. Betri ndogo ya volti 12 ikifa, gari haliwaki hata kama kubwa imejaa, kwa hiyo ipime kila mwaka. Na usikubali gari lako lifanye kazi ya kumwasha mwenzako mwenye lori.

Ukichukua dizeli, badilisha oili na machujio yote siku hiyo hiyo, kisha jifunze kumwaga maji. Chini ya chujio la dizeli kuna skrubu ndogo. Kaka yangu alijazia mafuta ya pipa mwaloni siku moja alipokwama, na nozeli mbili zikaondoka na pesa ya mwezi mzima. Tangu hapo kila Jumamosi asubuhi anaweka chupa ya plastiki safi chini ya skrubu ile, anailegeza, anahesabu mpaka kumi. Kisha anainua chupa kwenye mwanga. Dizeli inakaa juu, na kama kuna maji, yanaonekana chini, tone la duara linalotembea. Akiyaona, anaendelea kumwaga mpaka yaishe, na kituo alichojaza mara ya mwisho anakiandika asirudi.

Kwa magari yote mawili kuna adui wa hapa ziwani ambaye vitabu vya Japani havimtaji: wale wadudu wadogo wanaoinuka majini kama moshi. Ukipita Igombe jioni ya msimu wao, rejeta inabandikwa mkate mweusi. Kesho yake pitisha maji ya bomba kwa upole kutoka ndani kuelekea nje, usitumie mashine ya presha, na kagua chujio la hewa. Tarehe ya kila usafi iandike kwenye daftari lile la siku 14, kuanzia ukurasa uliobaki mtupu.